Sura ya Tano: Mbona Sheria Ipo na Nakisi Haikomi?

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Utalisikia katika vibanda vya chai karibu na stesheni ya reli ya Muhoroni, kwenye foleni ya matrekta ya miwa, na katika vikao vya ushirikishwaji wa umma vinavyoitishwa na kaunti ya Kisumu. Kama kuna sheria inayoizuia serikali kutumia zaidi kuliko inavyopata, mbona inatumia? Na kama kuvunja sheria ni kosa, mbona hatusikii mtu amefungwa?

Nusu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito. Watu wengi hujijibu kwa neno moja: wizi. Wizi upo, na vitabu vimeandikwa juu yake. Lakini wizi hauelezi pengo lote. Hata isingeibwa senti moja, bajeti ya Kenya ingepungukiwa, na upungufu huo hupitishwa mchana kweupe, kwa kura, na wabunge tuliowachagua sisi wenyewe. Waswahili husema kesi ya ngedere hakimu nyani. Katika masuala ya bajeti, nyani hata sheria anaiandika yeye.

Nakisi ni nini, na je, ni dhambi?

Nakisi ya bajeti ni tofauti kati ya pesa ambazo serikali inapanga kutumia katika mwaka mmoja wa fedha na pesa inazotarajia kukusanya mwaka huo. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Usichanganye nakisi na deni: nakisi ni pengo la mwaka mmoja, ilhali deni ni jumla ya mapengo yote ya nyuma ambayo bado hayajalipwa.

Tuchukue mfano halisi. Tarehe 12 Juni 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi, mtu wa ziwa hili hili kutoka Suba, alisoma bajeti ya takriban shilingi trilioni 4.29. Pengo lilikuwa kama shilingi bilioni 923. Sehemu kubwa ya pesa za kuliziba ingekopwa humu humu nchini, kutoka kwa benki, mifuko ya pensheni na makampuni ya bima, na iliyobaki kutoka nje. Pengo hilo lilikuwa karibu asilimia 4.8 ya Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote ambazo nchi huzalisha kwa mwaka.

Je, ni vibaya? Si lazima. Mkulima wa Muhoroni anaelewa jambo hili kuliko wachumi wengi. Miwa huchukua mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na katika muda huo mkulima hana budi kukopa: mbegu, mbolea, vibarua wa palizi. Deni hilo halimtishi, kwa sababu liko ardhini linakua. Linalomwangusha ni lile la unga na la matanga, linalodai kulipwa na mazao ambayo yeye hakuyapanda. Waliotunga sheria za fedha waliliona hilo pia, ndiyo maana sheria ya Kenya haikatazi kukopa. Inakataza kukopa kwa ajili ya unga.

Sheria zenyewe zinasemaje

Kenya si nchi isiyo na sheria za fedha. Ukizisoma Katiba ya 2010 na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, utashangaa jinsi zilivyo kali. Hizi ndizo zinazohusu sura hii:

- Mikopo itumike kwa maendeleo tu (barabara, mabwawa, hospitali), si kwa matumizi ya kawaida kama mishahara, safari na chai ya ofisini.
- Angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo.
- Deni la taifa lisipite kiwango kilichowekwa na Bunge.
- Makadirio ya bajeti yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha haujakwisha, yaani kufikia tarehe 30 Aprili.
- Mbunge akitaka kuongeza pesa upande mmoja, aonyeshe atapunguza wapi.
- Kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, zikipimwa kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa.

Yasome tena yale mawili ya kwanza, kisha tazama maneno machache ambayo sheria imeyapachika hapo: masharti hayo yatimizwe "katika muda wa kati". Muda wa kati, kwa tafsiri ya sheria yenyewe, ni kipindi cha miaka mitatu hadi mitano. Hii ina maana kwamba hakuna mwaka hata mmoja ambao unaweza kusimama na kusema: leo sheria imevunjwa. Ukilalamika mwaka wa kwanza, utaambiwa subiri. Ukilalamika mwaka wa tatu, utaambiwa kipindi kipya kimeanza. Sidhani mwanya huo ulitengenezwa kwa nia mbaya, kwa maana nchi hukumbwa na ukame, mafuriko na magonjwa, na bajeti inahitaji nafasi ya kupumua. Lakini nafasi ya kupumua imegeuzwa kuwa mlango mkubwa.

Mstari unaohama

Kiwango cha juu cha deni ndiyo sheria inayoeleweka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo tuanze nacho. Historia yake ni fupi na inachekesha, kama si pesa zetu.

Mwaka wa 2014, kiwango cha mikopo ya nje kilikuwa shilingi trilioni 1.2. Mwaka huo huo serikali iliuza hati zake za kwanza za mkopo katika masoko ya kimataifa, zile tunazoziita Eurobond, na nafasi ilikuwa finyu. Bunge likapandisha kiwango hadi trilioni 2.5. Baadaye kanuni za 2015 zikaja na kipimo tofauti: deni lisizidi asilimia 50 ya Pato la Taifa. Mwishoni mwa 2019 asilimia hiyo ilipokaribia kuvukwa, wabunge na maseneta waliiondoa na kuweka namba kavu ya shilingi trilioni 9. Namba hiyo ilionekana kubwa sana, hadi watu wakasema haitafikiwa karibuni. Ilichukua chini ya miaka mitatu kukaribiwa. Juni 2022, wiki chache tu kabla ya uchaguzi mkuu, wabunge wakaisogeza hadi trilioni 10.

Kufikia Juni 2023 deni lilikuwa limeshapita trilioni 10. Bunge lilifanya nini? Oktoba mwaka huo sheria ilibadilishwa tena, namba kavu ikatupwa na asilimia ikarudi: deni lisizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa kwa thamani ya sasa. Thamani ya sasa ni njia ya kuhesabu deni ambayo huupa mkopo wa riba nafuu uzito mdogo kuliko mkopo wa riba kali. Cha ajabu ni kwamba siku mstari huo mpya ulipochorwa, deni lilikuwa upande wa pili tayari. Sheria ikaipa serikali muda hadi Novemba 2028 kurudi ndani ya mstari, na iwapo haiwezi, waziri atakwenda Bungeni kueleza sababu.

Kueleza sababu ndiyo adhabu yenyewe, hakuna nyingine.

Tusijidhanie wa pekee. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala mwaka wa 2013, inazitaka nchi wanachama ziwe na nakisi isiyozidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, na sarafu moja bado tunaisubiri. Wazungu wa Ulaya nao wana kanuni ya asilimia 3, na mwaka wa 2003 Ujerumani na Ufaransa ziliivunja bila kutozwa hata senti ya faini. Ila kuna tofauti moja inayotuuma: Ujerumani hukopa kwa riba ndogo. Kenya, Februari 2024, iliuza Eurobond ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa ile ya 2014 iliyokuwa ikikaribia kuiva. Mwezi huo huo iliwauzia wakopeshaji wa humu nchini hati za miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18.

Simama kidogo kwenye hiyo asilimia 18. Benki inayoweza kuikopesha serikali kwa riba hiyo, bila wasiwasi wa kutolipwa, ina sababu gani ya kumkopesha mwenye ekari nne za miwa Ombeyi au Masogo? Akikopeshwa, atatozwa zaidi ya serikali. Mara nyingi hakopeshwi kabisa, ndipo anapowaendea wakopeshaji wa simu. Hivyo ndivyo nakisi ya Nairobi inavyomfikia mtu ambaye hajawahi kuona karatasi ya bajeti.

Kwa ufupi: kiwango cha deni kimepandishwa au kubadilishwa kila kilipokaribia kuvukwa, au kilipovukwa. Aliyepewa kazi ya kulinda mstari ndiye mwenye uwezo wa kuusogeza.

Tumia kwanza, ruhusa baadaye

Kifungu cha 223 cha Katiba kilitungwa kwa ajili ya dharura. Kinaruhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili tangu itoe pesa za kwanza. Mto Nyando ukifurika na kusomba nyumba za tambarare ya Kano usiku wa manane, hakuna anayetaka waziri asubiri wabunge warudi kutoka likizo.

Lakini dharura imekuwa neno pana sana. Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, shilingi bilioni 6.09 zilitolewa kwa njia hiyo ili serikali inunue hisa za Telkom Kenya. Hadi leo sijasikia maelezo ya kuridhisha ni nani angepoteza maisha kama hisa hizo zingengojea hadi Septemba. Januari 2023 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliwaambia wabunge kwamba katika siku hizo hizo alishinikizwa kuidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 15. Aliyekuwa waziri wa fedha alikanusha. Msimamizi wa Bajeti ndiye afisa ambaye bila saini yake hakuna pesa zinazotoka katika mfuko mkuu wa serikali. Ofisi hiyo iliwekwa na Katiba iwe kufuli. Kufuli likianza kulalamika kwamba linalazimishwa, mwenye nyumba anapaswa kuamka.

Pesa zikishatumika, huletwa Bungeni ndani ya bajeti ya ziada. Bajeti ya ziada ni marekebisho ya bajeti katikati ya mwaka, na Kenya imezoea kuwa nazo kila mwaka, wakati mwingine zaidi ya moja. Hapo mbunge anaombwa kupigia kura pesa ambazo hazipo tena. Akisema hapana, zitarudi vipi? Maji yamekwisha kumwagika. Kwa hiyo husema ndiyo, na kila ndiyo humfundisha waziri anayefuata kwamba njia hiyo iko wazi.

Bajeti hizi za ziada zina tabia nyingine ambayo watu wa kanda hii wanaijua kwa miguu yao. Pesa zikipungua, mishahara haikatwi, na riba haiwezi kukatwa, kwa hiyo miradi ya maendeleo ndiyo inayokatwa. Wanaosafiri kutoka Mamboleo kupitia Miwani na Chemelil hadi Muhoroni wanajua maana ya barabara inayochimbwa, ikaachwa, ikachimbwa tena. Serikali ilikuwa ikidaiwa na wakandarasi wa barabara pesa nyingi kiasi kwamba mwaka wa 2025 ilibuni mbinu mpya. Ushuru wa matengenezo ya barabara ulikuwa umepandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Serikali ikachukua shilingi 7 za kila lita, ikaziuza mapema kwa wawekezaji, na kupata pesa za kulipa madeni ya takriban shilingi bilioni 175. Mwendesha bodaboda wa Muhoroni akitia mafuta lita moja leo, shilingi 7 zake haziendi kuziba shimo alilolikwepa asubuhi. Zinaenda kwa aliyenunua haki ya kuzipokea.

Je, huo ni mkopo? Mimi nasema ni mkopo, kwa sababu pesa za kesho zimetumika leo na mtu analipwa kwa kusubiri. Serikali ingependelea uitwe jina lingine. Mjadala huo si wa maneno tu: ukiitwa mkopo, unaingia katika hesabu ya ile asilimia 55.

Hesabu za zamani

Ule upande wa kaunti nitaupitia haraka, ingawa ndio unaonikera zaidi. Nilisema fungu la kaunti hupimwa kwa hesabu za karibuni zilizoidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Kazi ya kuziidhinisha ni ya wabunge peke yao. Si ya Rais wala ya waziri. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua, Kamati ya Hesabu za Umma husikiliza mashahidi, na Bunge huidhinisha. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti 47 zilitengewa shilingi bilioni 415, na hesabu zilizotumika kuzipima zilikuwa za mwaka wa 2020/21. Kwa hesabu hizo za zamani, kaunti zinaonekana kupata kama asilimia 26, ukarimu mkubwa. Ukipima kwa mapato yaliyotarajiwa mwaka huo huo, fungu hilo linashuka hadi karibu asilimia 15, pale pale kwenye sakafu.

Kuchelewa huko hakuna kisingizio cha ukame wala cha vita vya Ukraine. Ni kazi ya kukaa kwenye kiti, kusoma na kupiga kura. Linganisha na jambo lingine: pesa za mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, zikichelewa, wabunge wameshatishia zaidi ya mara moja kusimamisha shughuli za Bunge. Nitafurahi siku watakapotishia hivyo kwa sababu ya hesabu zilizokaguliwa.

Kaunti isiyoruhusiwa kukopa hukopa vipi?

Kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge lake. Kwa hiyo, kwenye karatasi, kaunti haina nakisi. Mapato na matumizi husawazishwa hadi shilingi ya mwisho.

Siri iko kwenye upande wa mapato. Tuseme kaunti fulani hukusanya bilioni moja kwa mwaka kutokana na ada za soko, maegesho, leseni na hospitali. Wawakilishi wadi wanataka kila mmoja apate mradi wa kuonyesha: kivuko hapa, darasa la chekechea pale, taa za soko kule. Bilioni moja haitoshi kwa miradi hiyo. Njia rahisi ni kuandika kwamba mwaka ujao kaunti itakusanya bilioni moja na nusu. Karatasi inasawazika, bajeti inapita, kila wadi inafurahi. Zabuni zinatangazwa kwa bajeti nzima, kazi zinafanyika, kisha ile nusu bilioni haiji, kwa sababu haikuwahi kuwepo.

Anayebaki na pengo hilo ni mtu kama mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyepeleka mabati na saruji. Ana barua ya zabuni, ana hati ya kuthibitisha vifaa vilipokelewa, na ankara yake ina mhuri. Kila akienda ofisini anaambiwa, "Mzee, faili yako iko, ngoja pesa ziingie kwenye mfumo." Alichukua mkopo benki kununua mabati yale, na riba yake haingoji mfumo. Wachumi huyaita haya malimbikizo ya madeni. Kwa kweli ni mkopo ambao kaunti imejichukulia kwa muuza duka bila riba, bila mkataba wa kukopa na bila kupigiwa kura. Katikati ya 2025 kaunti zote kwa jumla zilikuwa na zaidi ya shilingi bilioni 170 za namna hiyo.

Kwa ufupi: serikali kuu huziba pengo kwa kukopa benki na ng'ambo, kaunti huliziba kwa kutomlipa aliyeifanyia kazi.

Kiwanda kama bajeti iliyofichwa

Hakuna mahali ambapo haya yanaonekana vizuri kuliko Muhoroni kwenyewe. Kiwanda cha sukari kilianzishwa katika miaka ya 1960, pamoja na mashamba ya makazi yaliyogawiwa wakulima baada ya uhuru. Mji ulikua juu ya miwa. Karo ililipwa na miwa, mahari ilitolewa kwa miwa, na mfanyakazi wa kiwandani alikopeshwa dukani kwa jina la kiwanda tu. Kisha madeni yakakishinda, na mwaka wa 2001 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya wadai kuendesha kampuni iliyoshindwa kulipa. Kawaida urasimu ni wa kupita: kampuni ifufuke au iuzwe. Muhoroni ilikaa katika hali hiyo zaidi ya miaka ishirini. Watoto waliozaliwa mwaka huo wamekuwa wapiga kura bila kukijua kiwanda kikiwa na mwenyewe.

Katika miaka hiyo yote, kiwanda cha serikali kilikuwa kikipata hasara bila hasara hiyo kuandikwa kwenye bajeti. Kodi haikulipwa, mikopo haikulipwa, wafanyakazi wakadai miezi kwa miezi ya mishahara, wakulima wakapeleka miwa na kurudi na karatasi ya mizani tu. Hiyo karatasi ya mizani, inayosema tani ngapi zimepokelewa, baadhi ya familia bado zinaihifadhi ndani ya Biblia au chini ya godoro. Ni hati ya mkopo kama ile ya Eurobond, ila hii haina riba wala tarehe ya kuiva.

Mwishowe hasara iliyofichwa hujitokeza. Mwishoni mwa 2023 Bunge liliridhia kufuta madeni ya viwanda vya sukari vya umma, takriban shilingi bilioni 117 kwa vyote pamoja. Wanasiasa wa ukanda wa miwa walishangilia, na sikuwalaumu, kwa sababu hakuna mwekezaji angevigusa viwanda hivyo na mzigo ule. Mei 2025 Muhoroni ikakodishwa kwa miaka 30 kwa kampuni ya West Valley Sugar, huku kiwanda cha Chemelil kikienda kwa kampuni ya Kibos. Ila deni likifutwa halipotei, linahama tu. Serikali ilipoamua kutodai kodi na mikopo yake, pengo hilo liliingia katika hesabu za taifa, na taifa hukopa kuliziba. Kama mambo yangewekwa wazi tangu mwanzo, Bunge lingeulizwa kila Juni: mnataka kukipa Kiwanda cha Muhoroni pesa ngapi mwaka huu, na mtapunguza wapi? Swali hilo halikuulizwa kwa miaka ishirini, na bei ya kutouliza ikaja mara moja.

Kwa hiyo, mbona hakuna anayefungwa?

Sasa tunaweza kujibu. Sheria ya 2012 ina faini na vifungo, lakini vimewalenga maafisa: mhasibu aliyelipa bila idhini, katibu aliyekopa kinyume cha utaratibu. Mbunge halindwi na bahati, analindwa na Katiba: hashtakiwi kwa alilosema au alivyopiga kura Bungeni. Ulinzi huo ni mzuri. Bila huo, serikali yoyote ingewatupa jela wapinzani kwa kupinga bajeti. Lakini maana yake ni kwamba makosa makubwa ya bajeti hufanywa mahali ambapo polisi hawawezi kuingia.

Zaidi ya hapo, mara nyingi hakuna sheria iliyovunjwa siku ya kura. Kiwango cha deni mara nyingi hakikuvukwa, kilisogezwa kwanza. Asilimia 30 ya maendeleo haikukiukwa, muda wa kati haujaisha. Pesa za dharura hazikuibwa, ziliidhinishwa baadaye. Mapato ya kaunti hayakudanganywa, yalikadiriwa. Ukimwita wakili, atakuonyesha karatasi zote zikiwa na mihuri.

Inabaki mahakama na barabara. Mahakama imejaribu: sheria ya CDF ya 2013 ilitangazwa na Mahakama ya Juu kuwa kinyume cha Katiba mwaka wa 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo juu ya sheria ya NG-CDF iliyofuata, na kuagiza mfuko huo ufungwe kufikia Juni 2026. Barabara nazo zilizungumza Juni 2024. Vijana walijaa katika miji, Kisumu ikiwamo, kupinga Mswada wa Fedha uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 za kodi mpya. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu waliuawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Kodi zikaanguka. Matumizi yalipunguzwa kidogo, kisha yakapanda tena kimyakimya katika bajeti za ziada, na nakisi ambayo mwanzoni ilikusudiwa kuwa asilimia 3.3 ya Pato la Taifa ilimaliza mwaka ikiwa imepita asilimia 5. Damu ilimwagika kuhusu upande wa kodi. Upande wa matumizi ulipita bila kelele.

Hapo nadhani tunapaswa kujitazama pia. Mbunge wa Muhoroni, kama wenzake 289 wa maeneobunge mengine, hupimwa kwa basari, madarasa na michango ya mazishi. Sijasikia mkutano hata mmoja, kuanzia Koru hadi Miwani, ambapo mheshimiwa alizomewa kwa kupandisha kiwango cha deni. Yeye si mjinga. Hufanya kazi anayopimwa nayo.

Maswali ya kwenda nayo kikaoni

Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na kaunti hutoa yake kufikia mwisho wa mwezi huo. Makadirio hufika kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya umma, kwa kawaida mahali penye viti vichache na soda. Nenda, na usiombe taa ya soko. Mwulize mbunge wako: hesabu zilizokaguliwa za mwaka gani ndizo za mwisho mlizoidhinisha, na mbona si za mwaka jana? Katika bajeti ya ziada iliyopita, ulipigia kura pesa ngapi zilizokuwa zimeshatumika? Mwulize mwakilishi wadi: mwaka jana mliandika mtakusanya ngapi, na mlikusanya ngapi? Dai ajibu kwa namba, na uziandike namba hizo kwenye daftari lenye jina lake na tarehe, kwa sababu uchaguzi ujao ni Agosti 2027 na atarudi kukuomba kura.